Kindi Aliyenyonyoka Manyoya: Maswali Yanayoulizwa Eringeti

Kindi na mkulima wa kakao hawapatani. Anatoboa tunda likiwa bado mtini, anafyonza utamu unaozunguka mbegu, kisha anakuachia kaka tupu likining'inia. Lakini mtoto akimkuta amejikunyata chini ya mgomba, mgongo uko wazi, ngozi imejaa magamba, hasira za kakao zinasahaulika na watu wanaanza kuulizana watamfanyia nini. Jibu litawaudhi wenye huruma, kwa hiyo tulitangulize: msaidie ukiwa mbali, usimshike.

Nini kinamnyonyoa manyoya?

Mara nyingi ni upele. Utitiri wadogo wasioonekana kwa macho wanachimba ngozi, mnyama anajikuna mpaka manyoya yanatoka na ngozi inakauka na kuwa nene. Ni ndugu wa ule upele tunaouona kwa mbwa wa barabarani. Mabaka ya duara yanaweza kuwa choa, ambayo ni kuvu. Wako pia chawa na viroboto, ziko njaa na uzee, yako makovu ya kupigana. Na kuna wakati kindi anabadilisha manyoya tu, kama kuku anavyopukutisha. Mwenye upele mwepesi, akipata chakula cha kutosha msituni, anaweza kupona bila mkono wa mtu.

Kama ni upele tu, kwa nini nisimguse?

Kwa sababu ukimtazama kwa macho huwezi kujua kama ni upele tu. Mwaka 1985, karibu na Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu ya Kongo, watafiti walimkamata kindi mgonjwa mwenye vipele mwilini. Ndani yake walipata virusi vya mpox. (Yambuku ni kule kule Ebola ilikotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976, kijiji hicho kimeifundisha dunia mengi bila kupenda.) Mwaka 2023 mpox iliwashika kima katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, na watafiti waliofuatilia chanzo walifika kwa kindi mwenye miguu myekundu aliyekutwa amekufa jirani na kima hao. Aina hiyo ya kindi inaishi pia katika misitu ya Kongo.

Ugonjwa huu uliitwa zamani ndui ya nyani kwa sababu ulionekana kwanza, mwaka 1958, kwa nyani wa maabara huko Copenhagen. Jina hilo limewasingizia nyani. Wanaotiliwa shaka zaidi kuvihifadhi virusi hivi msituni ni wanyama wadogo wagugunaji, na kindi yumo.

Basi tuwaue kindi wote?

Hapana. Anayewinda kindi ili kuukwepa ugonjwa anajiongezea damu, mikwaruzo na meno, yaani njia zile zile virusi vinazopitia. Tena tuwe wakweli: mpox iliyoanza kusambaa Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, na kulifanya Shirika la Afya Duniani litangaze hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024, imeenea hasa kati ya mtu na mtu. Kindi wa shambani kwako si wa kubebeshwa lawama hiyo.

Nimpake mafuta machafu ya gari? Au mawese? Au nimpe Mectizan?

Mafuta ya gari ni sumu. Mnyama anajilamba, na atakachopakwa asubuhi kitakuwa tumboni kabla ya jua kuzama. Dawa ya kunyunyizia kakao ni mbaya zaidi. Mawese hayaui, lakini ili umpake lazima umkamate, na kindi aliyekamatwa anauma mpaka mfupa. Mectizan, dawa ya kuua vimelea, inatolewa kwa vipimo vya binadamu, na kindi wengi wa msitu wetu wana gramu 200 au 300 tu. Mganga wa mifugo anaweza kupima dozi, sisi tutabahatisha.

Kumbe hakuna cha kufanya?

Kipo. Funga mbwa. Zuia watoto wasimrushie mawe wala kumzingira, mwachie njia ya kurudi kwenye miti. Usimwekee chakula kila siku mahali pamoja, maana utawakusanya kindi wengine hapo na upele utahamia kwao. Akiwa amelala hawezi kukimbia, mfunike kwa kikapu kwa kutumia fimbo ndefu, kisha mjulishe muuguzi wa kituo cha afya au wahamasishaji wa mtaa, wale tunaowaita RECO. Waambie umeona nini hasa: magamba makavu, au vipele vyenye maji na usaha.

Mtoto ameshamshika, au ameumwa.

Msimpige, asije akaficha siku nyingine. Osheni mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu ya pepopunda. Mwambieni muuguzi wazi kwamba ni kindi. Kwa siku 21 mwangalieni: homa, kichwa kuuma, maumivu ya mgongo, tezi zilizovimba shingoni au kwenye kinena, vipele usoni, viganjani, nyayoni au sehemu za siri. Dalili zikitokea, alale peke yake na atumie shuka lake, na muuguzi aitwe siku hiyo hiyo.

Akifa tunaweza kumla?

Aliyekutwa mgonjwa au mfu haliwi. Moto mkali unaua virusi, ni kweli, lakini anayechuna ngozi na kupasua tumbo anafika kwenye damu kabla sufuria haijapata moto. Mbebe kwa jembe, mfukie kwa kina ambacho mbwa hafikii, usimtupe mtoni. Jembe lioshwe kwa maji ya klorini. Waliopitia Ebola ya 2018 hadi 2020 hawahitaji kufundishwa kuyachanganya.

Na yule tuliyemfunga kamba nyumbani, watoto wanamchezea?

Mwaka 2003 mzigo wa wanyama wadogo wapatao 800, kindi wakiwemo, ulitoka Ghana kwenda Texas kuuzwa. Baadhi yao waliwaambukiza mpox wanyama wa Kimarekani wa jamii ya kindi waliowekwa karibu nao dukani, na hao wakawaambukiza watu 47 katika majimbo 6. Hakufa mtu, lakini waliougua ni watu waliokuwa wamekaribiana na wanyama hao. Wako akianza kunyonyoka, usimpeleke msituni kwa wenzake wala usimpe jirani. Mweke kwenye sanduku lenye matundu, nje ya nyumba, kivulini, na watoto wasimkaribie mpaka muuguzi au mganga wa mifugo afike.