Flaski ya Kuchemshia: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya yamhusu kila anayesoma kemia kisiwani Mombasa, kuanzia Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor hadi sekondari zilizo jirani na Mji wa Kale. Hayana mjadala.

KAGUA flaski kabla ya kuitia kitu. Inua dirishani kwenye mwanga, zungusha polepole, tazama kitako na shingo. Yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, haiendi motoni. Usiirudishe kabatini, huko ni kumtegea mwenzako.

USICHEMSHE kitu katika flaski ya kupimia, ile ya shingo ndefu yenye alama moja. Kazi yake ni ujazo. Wala usitumie chupa ya jamu. Flaski ya kuchemshia ni ya kioo cha borosiliketi, alichokibuni Otto Schott Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kikipashwa moto hutanuka kama thuluthi tu ya kioo cha kawaida.

USIJAZE kupita nusu.

TIA vigae kabla ya kuwasha moto. Ndani ya kioo laini, kiowevu chaweza kupita kiwango chake cha kuchemka kikiwa kimetulia tuli, kisha kikafoka ghafla usoni pako. Vipande vya chungu kilichovunjika vina vitundu vya hewa, na humo mapovu huanza taratibu. Umesahau kuvitia? Zima moto, ngoja ipoe, ndipo utie. Ukivitia kiowevu kikiwa moto, kitafoka papo hapo.

Na vigae ni vya udongo, SI mawe ya matumbawe. Najua matumbawe ni bure: nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwayo, na ukuta ukibomolewa kifusi hujaa uchochoroni. Lakini hayo ni kalsiamu kaboneti. Yakikutana na asidi hutoa kaboni dayoksaidi, povu hupanda shingoni, na jaribio limekwisha. Marumaru ni yale yale.

USICHEMSHE spiriti kwenye moto wazi, kamwe. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, lakini mvuke wake waweza kushika moto kuanzia nyuzi 13 hivi, na maabara zetu zina joto kupita hapo mwaka mzima. Tumia beseni la maji ya moto, na uzime kila moto ulio mezani.

USIZIBE mdomo wa flaski iliyo motoni. Mvuke sharti utoke.

FUNGA madirisha ya upande wa upepo kusi inapovuma, uache ya upande wa pili wazi. Moto ukilala, kioo hupashwa upande mmoja. Tandika wavu wa waya chini ya flaski.

USIITUE flaski ya moto kwenye saruji yenye maji, wala usiishike kwa kuitazama tu. Kioo cha moto na kilichopoa havitofautiani kwa macho.

OSHA mara tu ikipoa. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi na chokaa, nayo huacha ukoko mweupe. Suuza kwa maji yaliyokenekwa. Ukoko uliokwisha kushika utoe kwa siki, si kwa mchanga wala steelwaya, kwa sababu ufa huanzia penye mkwaruzo.