SOMO LA KILIMO: KUTENGENEZA NA KUTUMIA MBOJI KATIKA BUSTANI ZA NYUMBANI

Wananchi na watumishi wa umma waishio Kalenga na vijiji vya bonde la mto Ruaha Mdogo wanakifahamu vema kilimo cha vinyungu, yaani bustani za mabondeni zilimwazo wakati wa kiangazi. Kwa miaka mingi vinyungu vimezipatia kaya mboga, mahindi mabichi na fedha za matumizi katika miezi ambayo shamba la mlimani halitoi kitu.

Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Maji ya Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu, na huko huelekea bwawa la Mtera na kituo cha umeme cha Kidatu. Hivyo madhara ya kuharibu kingo zake hayaishii Kalenga. Kaya iliyoacha kinyungu chake hubakiwa na uwanja wa nyumbani, ambao aghalabu udongo wake ni mwekundu, mgumu na uliochoka. Somo hili laeleza namna ya kuufanya uwanja huo uzae.

1. Kwa nini bondeni hustawi

Kila masika mvua huteremsha bondeni udongo wa juu pamoja na majani yaliyooza. Mkulima wa kinyungu hurithi kazi iliyokwisha kufanywa na maji. Uwanja wa nyumbani, kinyume chake, hufagiliwa kila asubuhi na takataka zake huchomwa moto. Hutoa pasipo kurudishiwa. Kutengeneza mboji ni kuurudishia. Jambo hili si geni katika Nyanda za Juu Kusini: Wafipa wa Rukwa tangu kale hufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo yaitwayo intumba, zikaoza, kisha wakapanda juu yake.

2. Vitu vya kutumia

Vitumike mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu, magugu mabichi yasiyo na mbegu, maganda ya ndizi na viazi, samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, na majivu kidogo. Visitiwe nyama, mafuta, plastiki, betri, kinyesi cha mbwa, wala miche ya nyanya iliyokufa kwa mnyauko, kwani ugonjwa waweza kurudi bustanini.

3. Kupanga lundo

Lundo liwe na upana wa mita 1.5 na kimo kama hicho, chini ya kivuli. Chini kabisa vitandazwe vijiti ili hewa ipite. Juu yake ipangwe tabaka ya vitu vikavu ya sentimita 20, ya majani mabichi sentimita 10, ya samadi sentimita 5, kisha udongo na majivu kidogo. Kila tabaka inyunyiziwe maji, na mpango urudiwe hadi juu. Lundo lifunikwe kwa nyasi au majani ya migomba. Wakati wa kiangazi yafaa kutumia shimo lisilozidi kina cha sentimita 60, ili unyevu usipotee. Wakati wa masika shimo hujaa maji, hivyo lundo liwe juu ya ardhi.

4. Kupima na kugeuza

Kijiti kirefu kichomekwe katikati ya lundo. Baada ya siku nne kichomolewe: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa kikavu, maji yaongezwe, kikinuka uvundo, maji yamezidi na lundo ligeuzwe. Joto la nyuzi 55 hadi 65 huua mbegu nyingi za magugu. Lundo ligeuzwe baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine. Mboji huiva kwa muda wa miezi mitatu hivi. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha. Iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi na hunukia kama udongo baada ya mvua.

5. Kutumia bustanini

Debe moja latosha mita tatu za mraba. Ichanganywe na udongo wa juu wiki moja au mbili kabla ya kupandikiza kabichi, chainizi, mnafu au vitunguu. Lundo lililoanzwa Februari, magugu yakiwa tele, huwahi bustani ya Mei. Lililoanzwa Julai baada ya mavuno, kwa mabua ambayo wengi huyachoma, huwahi mvua za Novemba.

6. Mipaka yake

Mboji haina virutubisho vingi kama mbolea ya viwandani, na kwa shamba kubwa la mahindi peke yake haitoshi. Lakini hushika maji na kulainisha udongo, na hata mbolea ya dukani hufanya kazi vizuri zaidi penye mboji. Ikumbukwe pia kwamba ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua hadi mwaka 1994, na mwaka 2022 ilibidi Serikali itoe ruzuku baada ya bei kupanda duniani. Bei hiyo mkulima haipangi. Lundo la uani mwake analipanga mwenyewe.

Wananchi wanashauriwa wasichome mabua baada ya mavuno. Watumishi wanaoishi katika nyumba za Serikali nao wanahimizwa kuanza na lundo moja, na kumwona Afisa Ugani wa kata yao kwa ushauri zaidi.