JUMANNE: Moyo Ndani ya Tofali

Soma 1 Samweli 16:6–13. Ni nini kilichomfanya Samweli adhani kwamba Eliabu ndiye mteule?

Aliyekosea hapa ni nabii, tena mzee. Aliona kimo na sura. Wayunani nao walilijua tatizo hili. Plato, aliyefariki yapata mwaka 347 K.K., aliwafananisha wanadamu na wafungwa waliomo pangoni, wanaodhani vivuli ukutani ndivyo vitu halisi. Hapo aliona vema. Lakini pia aliuona mwili kuwa kifungo, na roho peke yake kuwa mtu halisi. Maandiko hayamgawi mtu hivyo (Mwanzo 2:7).

Jambo hili linafika hadi Mbagala. Fundi wa matofali akipunguza saruji, tofali bado hutoka na umbo zuri. Masika ndiyo huumbua. Siku ya Sabato hujitetea kwamba Mungu huangalia moyo tu. Naam, anauangalia. Umo ndani ya tofali lile (Luka 6:43–45).

Je, ni kazi gani uliyoifanya juma hili ambayo usingependa mteja aivunje aone ndani?