Fundisho juu ya Amplifaya ya Gitaa Kavu na Sauti ya Mwimbaji

Mwezi huu twataka kufundishana habari ya chombo ambacho kwaya nyingi hukitamani, nazo hukinunua kabla ya kukijua. Fedha ya kwaya, huku Msamala na katika sharika nyingine za Songea, hutoka katika magunia ya mahindi na shilingi za kina mama, tena hukusanywa kwa miezi mingi. Ikipotea dukani kwa saa moja, hairudi mpaka mavuno mengine. Kwa hiyo tusome polepole, hasa walimu, kwa maana ninyi ndio mtakaoulizwa.

Gitaa kavu ni lile lenye tumbo la mbao, lipigwalo pasipo umeme. Wanamuziki wa zamani waliliita galatoni, kwa jina la Gallotone, magitaa yaliyotoka Afrika ya Kusini. (Hata John Lennon wa Uingereza alianza na Gallotone katika miaka ya 1950, wala halikuwa gitaa la bei kubwa.) Nyumbani sauti yake yatosha. Lakini katika jengo la watu mia, wenye kukaa nyuma huona vidole vya mpigaji vikienda, wasisikie kitu. Naye mwimbaji hujilazimisha kupiga kelele hata koo likauma. Hapo ndipo amplifaya hutakiwa.

Imetupasa kujua kwanza jinsi sauti itokavyo katika gitaa. Magitaa mengine yana pikapu ndani yake (si gari, bali kinasa sauti), nayo yana tundu la waya ubavuni. Pikapu ya namna iliyoenea ni ukanda mwembamba uliolala chini ya mfupa wa daraja la nyuzi. Ukibanwa na mtetemo wa nyuzi hutoa umeme kidogo sana. Namna ya pili ni ile ya sumaku, ifungwayo katika tundu la gitaa. Hii hufaa kwa nyuzi za chuma tu. Mwenye nyuzi za nailoni asiinunue, kwa kuwa haitamsikia kamwe. Na gitaa lisilo na pikapu lahitaji maiki mbele yake, jambo linalowezekana, ila mpigaji hana budi kutulia mahali pamoja.

Sasa tazameni neno hili, maana ndilo liwapotezalo wengi. Umeme wa ule ukanda wa daraja ni dhaifu, wataka mlango wenye ukinzani mkubwa, yaani omu milioni moja au zaidi. Ukiuchomeka moja kwa moja katika mlango wa kawaida wa miksa, wenye omu elfu kumi hivi, besi yote hupotea, na gitaa zuri hulia kama debe. Ndipo watu husema gitaa ni bovu, na kumbe kosa ni la mlango. Magitaa yenye kisanduku cha betri ubavuni hayana taabu hii, maana kile kisanduku huutia umeme nguvu kabla haujatoka. Basi mwenye gitaa la namna hiyo ana uhuru wa kuchagua vyombo vingi. Asiye nacho atafute amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa kavu, au anunue kisanduku cha kati.

Mtu aweza kuuliza: Je, amplifaya ya gitaa la umeme haitufai? Mbona ni rahisi kupatikana, tena hata za mkono wa pili zipo? Twamjibu: haifai. Spika ya chombo kile hutoa vizuri mitetemo mpaka elfu tano hivi kwa sekunde, kisha hunyamaza. Kwa gitaa la umeme hilo ni jema, nalo limekusudiwa. Lakini sauti ya mwanadamu ina herufi s na f, ambazo nguvu yake kubwa imo juu ya hapo. Mwimbaji akiimba humo, wa nyuma watasikia tuni, wasipate maneno. Na kwaya isiyosikika maneno yake imefanya nusu ya kazi. Kwa sababu hiyo tutafute chombo chenye spika mbili ndani yake, moja kubwa ya sauti nene, na moja ndogo ya sauti nyembamba.

Tena yafaa tunene habari za wati, maana hapa wauzaji hujipatia fedha nyingi. Katika sanduku la nje huandikwa wati elfu tano, P.M.P.O., kwa herufi nyekundu. Tarakimu hizo zisitupumbaze, kwa kuwa ni hesabu ya kufurahisha macho. Tusome mgongoni mwa chombo, tuulize wati za RMS, ndizo nguvu iwezayo kudumu. Wala tusidhani wati sitini ni sauti mara mbili ya wati thelathini. Tofauti yake ni desibeli tatu tu, nalo sikio huiona kuwa ndogo. Ili masikio yaseme sauti imekuwa mara mbili, hutakiwa wati mara kumi hivi. Kwa hiyo asiyekuwa na fedha ya kutosha asilie; spika nzuri ya wati thelathini yashinda mbovu ya mia. Mvua ya masika ikipiga mabati, hakuna amplifaya ya bei nafuu itakayoshindana nayo, subirini.

Tutaje vyombo vichache ili msomaji apate kipimo. Behringer AT108 ina wati 15 na spika moja ya inchi 8, nayo ina mlango wa gitaa na mlango wa maiki. Ni ya bei ya chini katika hizi, yafaa chumba cha mazoezi na vikundi vya nyumbani, lakini kanisani itachoka. Fishman Loudbox Mini ina wati 60, spika ya inchi 6.5 na ndogo ya inchi 1. Sauti yake ni safi sana, ila bei yake ni ya kufikiri mara mbili. Roland AC-33 hutumia betri ndogo nane, ikitoa wati 20, na kwa umeme wa ukutani wati 30. Yampendeza mwinjilisti atembeaye vijijini.

Walakini, kwa kwaya ya mtaa isiyosafiri sana, sisi twaona heri spika moja yenye amplifaya ndani yake, ya inchi 10, yenye milango miwili ya maiki, pamoja na kile kisanduku cha kati cha gitaa. Chombo hicho kitatumika na mhubiri, na matangazo, na harusi, hali amplifaya ya gitaa itamtumikia mtu mmoja. Wapigaji magitaa hawatapenda maneno haya. Lakini fedha ni ya watu wote.

Habari ya umeme pia ni kubwa. Songea iliungwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 itokayo Makambako. Kabla ya hapo mji uliishi kwa mashine za dizeli. Hata hivyo umeme hukatika, nao ukirudi hurudi kwa kishindo, kwa hiyo tuchomoe waya mara unapokatika. Penye betri ya jua ya volti 12 na saa-ampea 50, hesabu ni hii: 12 mara 50 ni 600, tutumie nusu tu ili betri isife, yaani 300. Chombo kikila wati 40, kitaendelea saa saba na nusu. Toa kiasi kipoteacho katika inveta, zabaki saa sita hivi. Ni zaidi ya ibada na mazoezi.

Na zawadi za wageni zitazamwe. Chombo kitokacho Marekani hutengenezwa kwa volti 120, nasi tuna 230. Kama mgongoni hapana swichi ya kubadili, wala hapakuandikwa kwamba chakubali zote, kikichomekwa ukutani kitaungua siku ile ile, na shukrani itakuwa majonzi.

Mwenda dukani asibebe fedha yote kwa ajili ya amplifaya. Katika kila shilingi kumi, tatu zibaki kwa maiki, waya na kisimamio. Achukue gitaa lake mwenyewe, na mwenzake mmoja wa kuimba. Kwanza wawashe chombo vitufe vyote vikiwa sifuri, wasikilize kama chanung'unika. Kisha mmoja aimbe taratibu, mwingine arudi hatua ishirini, aseme maneno aliyoyasikia. Chombo kiwekwe mbele ya maiki, kamwe kisiwe nyuma yake, maana maiki ikisikia spika yake yenyewe, sauti huzunguka na kupiga mluzi. Gitaa nalo hunguruma hivyo kwa sauti nene, kwa sababu tumbo lake hutetemeka pamoja na spika. Kifuniko cha mpira katika tundu lake huzuia mengi.

Kikinunuliwa Kariakoo, kumbukeni ya kuwa kutoka Dar es Salaam mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 900 katika tumbo la basi. Kijaribiwe kule kule kabla ya kulipa, risiti iandikwe jina la usharika, na katoni isitupwe. Kikihitaji fundi wa mbali, ndimo kitakamosafiria.