Anzisha Makumbusho Madogo Ngara na Biharamulo, Yenye Kazi ya Kufanya

Kabla hujatafuta kabati la vioo, jiulize: nani ataingia humu siku ya gulio, na ataingia kufanya nini? Ukipata jibu, makumbusho yako yameanza. Ukikosa, unatengeneza stoo.

Zamani makumbusho yalikuwa mahali pa kutazama vitu kimyakimya na kuondoka. Siku hizi watu wanataka zaidi. Mwaka 2022, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha tafsiri mpya ya makumbusho inayotaka jamii ishiriki na kila mtu aweze kufika. Wilayani kwenu hilo linawezekana kwa chumba kimoja.

Tafuta chumba ambacho watu tayari wanapita karibu nacho. Darasa lisilotumika, ukumbi wa kata, chumba cha parokia. Biharamulo mna boma la Wajerumani, na kuta zake zimeshabadilishiwa kazi: kutoka ngome ya mkoloni hadi nyumba ya kulaza wageni. Arusha, boma la mwaka 1900 leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ukipata nafasi ndani ya jengo kongwe, usitoboe ukuta wala kupaka rangi kabla hujazungumza na afisa utamaduni wa halmashauri. Nenda kwake mapema hata kama chumba ni cha kisasa. Kikundi chenu mkisajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, milango mingi itafunguka.

Sasa vitu. Usikusanye. Azima.

Mwache bibi akae na kinu chake. Mwombe akuletee kwa wiki mbili, kisha umrudishie mwenyewe kwa mkono wako. Familia ikiona kitu kimerudi salama, jirani ataleta cha kwake. Jembe la mfua chuma, mkuki, kitanga, ngoma, chungu cha pombe ya ndizi: kila kimoja kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye atakayekieleza. Nunua kauntabuku moja. Andika namba, jina la kitu kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi, jina lake kwa Kiswahili, nani amekileta, lini kinarudi. Wote wawili mweke sahihi.

Vitu visikae chini. Pandisha juu ya matofali au meza, mbali na ukuta wenye mchwa na dirisha lenye jua kali. Usipake vanishi ili king'ae.

Ukilima na kukuta vigae au mavi ya chuma, usichimbue. Mambo ya kale yanalindwa kwa sheria ya mwaka 1964 na uchimbaji una kibali chake. Piga picha, andika ni shamba la nani, peleka taarifa. Ukitaka kuona historia ya chuma ikitunzwa kijijini, panga safari hadi Katuruka, Bukoba Vijijini. Ni mkoa huuhuu.

Kisha sauti za watu, na hapa tumia muda wako mwingi. Simu yako inatosha. Nenda na kilo ya sukari, amkia shikamoo, kaa, sikiliza kwanza bila kurekodi. Siku ya pili omba ruhusa. Uliza mambo ya kazi: banda la mfua chuma lilikuwa wapi, mbegu zilihifadhiwaje, mtoto alipewaje jina. Maswali makubwa kama "tueleze utamaduni wenu" huzaa majibu ya hotuba.

Ngara ina kumbukumbu nyingine inayohitaji mikono laini. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda usiofika siku mbili, na Benaco, hapohapo Ngara, ikageuka mji wa maturubai. Kilichosimuliwa sana ni habari ya wakimbizi. Wenyeji walioona kuni zikiisha milimani, waliouza ndizi, waliotafsiri, waliozika, wameulizwa mara chache mno. Waulize. Ninaamini hiki ndicho chumba ambacho Ngara inakihitaji kuliko kingine chochote. Lakini usimlazimishe mtu, usitaje jina bila idhini, usibandike picha ya maiti wala ya mtoto anayetambulika. Anayelia, zima simu na ukae naye. Akibadili mawazo mwezi ujao, futa.

Chumba kipe ratiba. Asubuhi mbili kwa wiki kiwe cha wanafunzi: mwalimu wa historia alete darasa, kila mtoto aondoke na swali la kumuuliza babu yake. Siku ya gulio kiwe wazi kwa kila mtu. Jumamosi moja kwa mwezi kiwe cha ngoma au mapishi. Ngoma huchezwa pia kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Bujora na Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam. Vikundi vya kina mama wakihitaji pa kukutania, wape. Watakuja na stori na vitu ambavyo wewe hukuvijua.

Usiwasahau wapita njia. Madereva wa malori ya Rwanda na Burundi wanalala barabarani Ngara. Wageni wa Hifadhi ya Burigi-Chato, iliyotangazwa 2019, wanapita Biharamulo. Kibao kimoja kinachosomeka, chenye saa za kufungua, kinawaleta. Wageni waongozwe na vijana mliowafundisha, nao vijana walipwe siku hiyohiyo. Kiingilio cha mwenyeji kiwe bure.

Kila rekodi, hifadhi nakala mbili kwenye flashi mbili, nyumba mbili tofauti. Ya tatu mpelekee mzee mwenyewe, na umtafutie mjukuu wa kuifungua. Fanya hivyo ndani ya wiki hiyohiyo, kabla hujaenda kwa mzee anayefuata.