Istilahi za Kukosa Usingizi: Mifano kutoka Thika na Ruiru

Matini za afya zinazotafsiriwa kwa Kiswahili aghalabu huchanganya kukesha na kukosa usingizi. Mfanyakazi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo mjini Thika hukesha: usingizi anao, ila hana nafasi ya kulala. Mkazi wa Ruiru aliyezima taa saa 3 usiku, naye angali anasikiliza magari ya barabara kuu hadi alfajiri, ndiye aliyekosa usingizi. Kitabibu, hali hii huitwa sugu inapotokea angalau siku 3 kwa juma kwa miezi 3. Mfasiri akiwachanganya wawili hawa, ushauri wa mmoja humfikia mwingine, na hilo si kosa la kisarufi tu.

Mtu anapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kumlemea. Giza nalo linapoingia, saa ya mwili huiamuru tezi ya pineali itoe homoni ya melatonini. Lugha haiko mbali na elimu hii: husemwa kuwa usingizi umemshika mtu, umemlemea au umempaa. Usingizi ndio mtenda. "Ukosefu", kinyume chake, hudokeza pengo, ilhali kwa wagonjwa wengi tatizo ni ziada: mifumo inayomweka mtu macho hukataa kutulia.

Kahawa hufafanua jambo hili vyema, na Ruiru ndiko kulikozalishwa mbuni wa Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini kama abiria aliyenyakua kiti cha mwenziwe. Uchovu upo, lakini ubongo hauna habari. Nusu yake huchukua takriban saa 5 kuondoka mwilini, hivyo kikombe cha saa 11 jioni bado ki kazini saa 4 usiku. (Wakenya wengi hunywa chai, ambayo nayo haikunyimwa kafeini.)

Tiba ya jadi ya Kimongolia hutumia sindano zilizopashwa joto, na inadhaniwa kwamba huituliza mifumo hiyo ya kukesha. Majaribio ya panya yametoa dalili. Dalili si uthibitisho. Kwa mfasiri, ugumu uko kwingine. "Kudungwa sindano" humfanya msomaji wa Thika afikirie dawa inayoingizwa mwilini, ilhali sindano hii haina tundu wala dawa. "Tiba ya kuchomeka sindano" ingefaa zaidi.