Mgongo wa Mama Mja Mzito ni Kazi ya Wawili



Mimba ikifika mwezi wa tano au wa sita, akina mama wengi huanza kuumwa na mgongo na kiuno. Wapo waume wanaosema, "Hayo ni ya mimba, yataisha." Wapo na wake wanaonyamaza, wasije wakaitwa wavivu. Ni kweli kwamba maumivu mengi ya namna hii ni ya kawaida. Lakini si yote, na ni lazima bwana na bibi wote wawili wajue kuyatofautisha.

Kwa nini mgongo huuma? Wakati wa mimba, homoni hulegeza viungo vya nyonga ili mtoto apate njia. Tumbo nalo huvuta mwili mbele, na mama hujipinda nyuma asianguke. Hivyo misuli ya mgongo hufanya kazi kutwa nzima.

Msaada wa nyumbani. Bwana, mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Uubebe wewe, na kuni pia. Mama, ukiokota kitu, kunja magoti, usiiname kwa kiuno. Fua ukiwa umekaa, beseni likiwa juu ya benchi. Vaa viatu visivyo na visigino virefu, na utembee kidogo kila siku. Usiku lala kwa ubavu, ukiweka mto katikati ya magoti. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu hutuliza, na mkono wa mume ukisugua taratibu hutuliza zaidi.

Dawa. Msinunue dawa ya maumivu bila kumwuliza daktari au muuguzi. Ibuprofeni na diklofenaki zaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto, hasa baada ya wiki ya 20. Kama mama anatumia mitishamba, aseme wazi kliniki.

Msingoje kuche mkiona dalili hizi:
1. Homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au mkojo unaochoma. Huenda ni ugonjwa wa figo, nao waweza kuleta uchungu kabla ya wakati.
2. Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa zamu kabla ya wiki ya 37.
3. Damu au maji kutoka ukeni.
4. Miguu kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo.
5. Maumivu baada ya kuanguka.

Kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe angalau mara 8, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Bwana, fuatana naye, nawe usome kijitabu cha mama na mtoto. Tena, tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF. Jiandikisheni mapema, na mweke akiba ya nauli ya usiku.

Siku ya arusi mliahidiana kuwa pamoja katika raha na taabu. Taabu nyingine huja kimya kimya, mgongoni mwa mwenzako. Mwulize leo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni kazi gani nzito ambazo mume atazichukua kuanzia kesho?
2. Dalili ya hatari ikitokea usiku, tutakwenda hospitali gani, na kwa gari la nani?